Saizi ya Awino

Jumamosi, 1 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, bila hata wingu la kutuonya. Nimefunika viatu kwa turubai, nimekalia gunia, na sasa naandika kwenye daftari ambalo Mama Ismay alinipa kwa ajili ya kazi yake. Kurasa za mbele ni zake, za nyuma nimezichukua mimi. Hatajua.

Hiyo kazi yenyewe sijui kwa nini niliikubali. Alikuja kibandani kwangu Desemba akitafuta viatu vya mguu mpana. Nilimtazama mara moja, nikampa arobaini na moja ya kiume, akavaa, akatembea hatua tatu, akaniuliza nimejuaje. Nimejuaje? Miaka kumi na mmoja nauza viatu vya mivumba, mitumba ya huku, hapa Nateete. Mteja akiwa bado anavuka barabara mimi nishajua saizi yake, na akinibishia tunagombana. Siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka kugombana na mmoja, na Mama Ismay alisimama pembeni akisikiliza yote. Alisema alipenda namna ninavyopanga maneno. Mtu anasifiwa kwa ugomvi, ndiyo Kampala hiyo.

Ana miaka sabini na nne. Kwao ni Grenada, kisiwa cha huko Karibiani. Alifanya unesi Uingereza miaka thelathini, akaolewa na daktari Mwacholi, marehemu Obita, akamfuata huku akabaki. Anaandika hadithi. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi mchana, yeye na mwenzake Doreth, Mjamaika aliyekulia Toronto, wanasoma kazi zao katika ukumbi mdogo kule Mbuya, karibu na ninapoishi. Wanaokuja kusikiliza ni wake wa wanajeshi, polisi wachache wa kike, na sisi Wakenya wa biashara. Kiingereza cha vitabuni kinawapita wengi wetu. Kiswahili tunacho wote, kila mtu na chake. Kwa hiyo Mama Ismay atasoma kwa Kiingereza, kisha mimi nitasoma kwa Kiswahili.

Nimempigia binti yangu Awino. Simu imeita mpaka ikakatika.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Jozi mbili tu, zote za watoto. Nimepanga viatu upya mara tatu na bado havijakaa ninavyotaka.

Jumanne, 4 Machi

Mama amepiga kutoka Ugenya, nyumbani Kenya. Awino anafunga shule tarehe nne Aprili. Kaka yangu Odera anataka kumchukua akasome Nakuru kuanzia muhula wa Mei. "Kama wewe unamtaka," Mama akaniambia, "aje kwako likizo hii, akuzoee, asome huko. La sivyo anaenda kwa Odera. Mimi magoti yamechoka, sitamlea msichana wa miaka kumi na tatu mpaka aolewe."

Nikasema aje. Nitamlipia basi, nitampokea. Mama akamwita aje aongee nami. Nikasikia sauti kwa mbali ikisema, "Mwambie nimesikia." Basi.

Baba yake alipokufa nilimwacha kwa Mama ana miaka miwili, nikaja kutafuta. Mwanzoni nilikuwa naenda kila baada ya miezi mitatu. Kisha kila Krismasi. Krismasi ya mwaka juzi ilipita, na ya mwaka jana pia, kwa sababu Desemba na Januari ndipo viatu vinapotoka. Hayo ndiyo ninayowaambia watu. Ukweli ni kwamba mara ya mwisho nilipokwenda Awino alijifungia jikoni, hakutoka mpaka basi langu likaondoka. Nimeogopa kurudi. Basi, nimeliandika.

Viatu natuma. Jozi tatu tangu wakati huo, kwa basi, nzuri kuliko zote zilizotoka kwenye gunia.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wanawake, kila mtu yuko likizo, ukumbi umejaa. Viti vimeisha, wengine wamekaa kwenye mikeka.

Kuna desturi ambayo Mama Ismay hakuniambia mapema. Mtu akimaliza kusoma hakuna kupiga makofi, hakuna kusema hongera. Wanawake watatu wanasimama, mmoja mmoja, na kila mmoja anarudisha sentensi moja aliyoisikia, hiyo hiyo ilivyosomwa, kisha anakaa. Anasema huko Uingereza wanawake wa visiwani walikuwa wanasomeana sebuleni kwa sababu hakuna aliyewaalika kwingine, na makofi yangesumbua majirani. Kwa hiyo walirudishiana sentensi. "Usiporudishiwa kitu," akaniambia, "unajua hukuandika kitu."

Kazi yangu ni mara mbili basi. Namtafsiria mwandishi kwenda kwa watu, halafu wanaporudisha kwa Kiswahili namgeuzia yeye kwa Kiingereza.

Doreth alisoma mashairi ya theluji na samaki wa chumvi. Wake wa wanajeshi walipenda samaki. Kisha Mama Ismay akasoma nusu ya kwanza ya hadithi yake. Inahusu jinsi alivyomwacha binti yake Junie kwa mamake, akaenda Uingereza. Kila mwaka alijaza pipa zima, la kumfika kifuani, mchele, sabuni, nguo, akalituma kwa meli. Na kila mwaka mamake alimsimamisha Junie juu ya karatasi ya dukani, akauchora mguu kwa penseli, akaituma kwa barua. Mama Ismay anabeba karatasi dukani, anapima, ananunua viatu, vinaingia pipani. Miaka saba. Na hakuna hata barua moja iliyosema vimemtosha.

Mwanamke mmoja polisi, anaitwa Aloyo, alisimama akarudisha: "Nilijua mguu wake kuliko uso wake."

Nikaigeuza kwa Kiingereza. Mama Ismay akaitikia kwa kichwa. Mimi nilitaka kwenda nje nipate hewa.

Jumatano, 12 Machi

Awino hakupokea.

Alhamisi, 13 Machi

Hakupokea. Nimemuuzia mteja viatu vya mguu wa kushoto viwili. Amerudi navyo akicheka, mimi sikuona la kuchekesha.

Jumapili, 16 Machi

Nimeandaa kitanda chake. Nimepaka ukuta rangi ya krimu, nimenunua chandarua, nimehamisha sanduku langu. Laker, jirani yangu, mke wa Sajenti Oryem, alisimama mlangoni akitazama.

"Mama Awino, mtoto alisema anakuja?"

"Mama yangu amesema."

"Mimi nauliza mtoto."

Laker ana mdomo huo. Nikamwambia rangi bado mbichi, asiegemee.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepewa nusu ya pili ya hadithi. Nimeisoma hapa kibandani, mvua inapiga turubai, na sasa siwezi kukaa. Nimetembea mpaka steji na kurudi mara nne bila kununua hata njugu. Yule wa duka la mapazia ameniuliza, "Nnyabo, mama, umepoteza kitu?"

Ni hivi. Junie akiwa na miaka kumi na mmoja Mama Ismay anamleta Uingereza. Anaenda kumpokea uwanja wa ndege na viatu vipya mkononi, vilivyopimwa kwa karatasi ya mwisho. Anapiga magoti amvalishe. Havipiti hata kisigino. Mtoto anamwambia, "Ule mguu kwenye karatasi si wangu. Ni wa Merle wa jirani." Tangu akiwa na miaka saba alikuwa anamwita mtoto mdogo wa jirani asimame kwenye karatasi badala yake, na nyanya yake aliyekuwa haoni vizuri hakutambua. Mama anamuuliza kwa nini. Mtoto anasema, "Nilitaka uje upime mwenyewe." Kisha anavaa ndala zake za zamani, anatoka nje kwenye baridi. Na mwisho Mama Ismay ameandika: "Nilibaki na kiatu mkononi. Sikuwahi kumvalisha."

Nitatafsirije kitu kama hiki? Awino anapanda basi baada ya wiki mbili.

Ijumaa, 21 Machi

Nimetafsiri. Mwisho nimeubadilisha. Kidogo tu.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Ismay alisoma kwa Kiingereza, taratibu, bila kuinua macho. Nikasimama nikasoma kwa Kiswahili. Nilipofika uwanja wa ndege nikaiacha ile sentensi ya kupima. Nikasoma nilivyoandika mwenyewe: mtoto aliangalia kiatu, akakaa chini, akaingiza mguu, akasema, "Mama, kimenitosha."

Ukumbi wote ulipumua. Wanawake wawili walilia. Akasimama mmoja akarudisha sentensi ya pipa, mwingine ya karatasi. Wa tatu, mama mmoja wa Kenya anayeuza dagaa soko la Ggaba, akasema kwa sauti nzito, "Mama, kimenitosha."

Mama Ismay akanigeukia. Amesema nini? Nikamwambia kwa Kiingereza: amesema, nilibaki na kiatu mkononi.

Akafunga macho. Akaniambia asante, kwamba miaka yote aliogopa kuisoma hiyo mbele ya watu, na sasa wameipokea. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

Niseme tu nilivyohisi: nilifurahi. Aibu ilikuja nikiwa natembea kurudi nyumbani, na hata hapo haikuwa kubwa.

Jumapili, 23 Machi

Laker amekuja na sufuria ya boo, mboga yao ile, ameiweka mezani, hakukaa.

"Mimi iko na neno moja. Jana mzee alisoma Kiingereza, mimi nilisikia. Mtoto alikataa kiatu. Wewe ulisoma mtoto alivaa."

Nikasogeza sufuria katikati ya meza.

"Mimi nilisoma mpaka sinia foo, kidato ya nne. Hapana fikiri sisi bibi ya askari hatujui kitu. Na tena wewe nauza viatu, Mama Awino. Kiatu ya mtoto kidogo inaingia mguu kubwa namna gani?"

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. Kweli kabisa. Kiatu kilichopimwa kwa mguu wa Merle hakiwezi kumtosha Junie, hata ukikipaka mafuta. Mimi, kati ya watu wote, nimeandika upuuzi huo na sikuuona.

"Mwambie mzee," Laker akasema, "mbele hajasikia kwa mtu ingine."

Nikasema nitamwambia Jumanne.

Jumanne, 25 Machi

Sikumwambia. Nilikwenda kwake, nikanywa chai. Sebuleni kwake kuna pipa, la kweli, la zamani, limefunikwa kitambaa, juu yake simu na miwani. Anasema watu wa kanisani wameomba asome hadithi yote tena tarehe tano, wageni watakuwa wengi. Anafurahi kama msichana. Ningeanzia wapi?

Ijumaa, 28 Machi

Mvua siku nzima. Barabara ya Nateete imekuwa mto. Tiketi ya Awino nimelipa, basi la Jumapili tarehe sita, kiti cha dirishani.

Jumatatu, 31 Machi

Amepokea simu. Dakika moja na kitu. Nikamuuliza saizi yake ya viatu siku hizi, nimwekee jozi. Akasema, "Si wewe ndiye unayejua miguu ya watu?" Kisha akasema ukindu umenyeshewa, anaenda kuuanua.

Hatuna ukindu pale nyumbani.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika yote sasa, nisipoandika leo nitaanza kuyapamba.

Nilikuwa nimeamua kuusoma mwisho wa kweli. Niliunakili vizuri, sentensi ya kupima ikiwemo, karatasi ikawa kwenye mkoba. Ukumbi ulijaa mpaka nje, watu wamesimama madirishani chini ya miavuli. Nikaanza vizuri. Lakini nilipofika uwanja wa ndege nikaona basi la kesho. Nikaona Awino anateremka. Nikafikiri, nikilisema neno hili kwa mdomo wangu leo, kesho litanirudia. Ni ujinga, najua. Nilikuwa na karatasi zote mbili mkononi, nikasoma ile ya uongo.

Kukawa kimya kile cha kurudisha. Aloyo akasimama, amevaa sare, ametoka zamu moja kwa moja.

"Mimi narudisha hii: Mama, kimenitosha."

Mama Ismay akanigeukia kama kawaida. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema kitu Laker akasimama kule nyuma, akaigeuza yeye, kwa Kiingereza kilichonyooka. Hakupaza sauti. Alisema tu maneno matatu na akabaki amesimama.

Mama Ismay alimtazama Laker. Kisha akanitazama mimi. Akauliza, "Hiyo sentensi imetoka wapi?"

Nikasema, kwangu.

"Na mara ya kwanza? Yule wa dagaa alisema nini?"

Nikasema, hiyo hiyo.

Doreth akanyoosha mkono amshike Mama Ismay, naye akautoa. Watu hawakuelewa Kiingereza chetu ila walielewa nyuso. Mama Ismay akakusanya karatasi zake moja moja, akazipanga kingo zikalingana. Akaongea nami kwa sauti ya nesi, ile ya kumwambia mtu majibu ya vipimo.

"Junie ana miaka hamsini na sita, Akeyo. Yuko Leicester. Ni miaka kumi na tisa hajanipigia simu. Ilinichukua miaka hiyo yote kuandika ukurasa mmoja bila kujisamehe. Wewe umenipa mtoto ambaye sina, mbele ya watu, na wakanililia kwa furaha."

Nikasema samahani. Lilikuwa neno dogo, hata mimi nililisikia.

"Sitaki uguse tena maneno yangu," akasema. Akachukua mwavuli wake akatoka. Viatu vile nilivyomuuzia vikawa vinachapa kwenye sakafu mpaka mlangoni.

Laker alinisubiri nje. Nilipita kama simjui. Mtaa mzima wa kwetu tunatembea njia moja, kwa hiyo tuliongozana mpaka nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma, hatuongei. Nilimchukia njia nzima. Kwenye geti akasema, "Mimi nilingoja wiki mbili," akaingia kwake.

Jumapili, 6 Aprili

Basi limefika saa kumi na moja jioni. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Kondakta akasema msichana wa Ugenya hakutokea, walingoja dakika tano. Nikamwomba aangalie tena, akaangalia tena, mtu mzuri yule.

Mama kwenye simu: "Amesema haendi. Odera anakuja kumchukua baada ya Pasaka."

Jumatatu, 7 Aprili

Sikufungua kibanda.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Ismay. Nilipiga hodi nikijua sitafunguliwa. Akafungua, akarudi kukaa, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikasimama karibu na pipa.

Sikuomba samahani tena. Nikamwambia yangu yote: Awino, miaka kumi na mmoja, jikoni, jozi tatu, kiti kitupu. Nikamwambia kwamba sikuibadilisha hadithi kwa ajili yake wala kwa ajili ya wasikilizaji. Niliibadilisha kwa ajili yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alisema zinamtosha? Hizo jozi?"

"Hakusema kitu."

"Mimi nilikuwa na likizo kila mwaka," akasema. "Wiki nne. Nilisema nauli ni kubwa, nikanunua pipa jingine. Ukilijaza pipa unajiona umefanya kazi ya mama. Unalifunga, unaandika jina, unalala vizuri." Akavaa miwani akaniangalia sawasawa. "Sikuogopa nauli, Akeyo. Nilimwogopa yeye. Kwenu ni mbali kiasi gani?"

Nikasema, ukipanda asubuhi, mchana uko Busia. Jioni umefika.

"Siku moja?"

"Siku moja."

Alinitazama tu, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote tangu nizaliwe. Nikiwa mlangoni akasema bado hajanisamehe. Nikasema najua.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefunga kibanda. Nilichagua jozi nne za kubeba, nikazirudisha zote kwenye gunia. Nimebeba nguo za kubadili tu, na daftari hili. Laker alikuwa anaanua nguo kabla ya mvua. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia. Akasema, "Sasa hiyo," akaendelea kuanua.

Jumamosi, 12 Aprili. Kampala tena

Nilifika Ugenya Jumatano jioni. Awino aliponiona naingia uani aliingia jikoni, akasukuma komeo. Mama akanipungia mkono nikae. Juu ya kabati la Mama nikaona jozi zangu tatu, kwenye mifuko yake, uzi wa kufungia jozi haujakatwa. Hazijajaribiwa hata moja.

Alhamisi asubuhi alitoka mapema kabla sijaamka, akarudi, akajifungia tena. Nilikuwa nimesema nitarudi na basi la saa nane. Nikachukua kigoda nikakaa nje ya mlango wa jikoni. Nilimwambia kupitia mbao, "Safari hii sikuleta kitu." Nikasikia anachekecha unga. Nikaendelea kuongea, sijui mengi niliyosema, nilimwambia hata habari za Junie na Merle na uongo nilioutunga. Mvua ikaja, paa la jikoni halifiki mbali, upande wangu wa kushoto ukalowa wote. Saa nane honi ikalia barabarani, ikapita.

Baada ya muda akasema kutoka ndani, "Basi lako limeondoka."

"Nimelisikia."

"Sasa utarudi na nini?"

"Sijui. Labda kesho. Labda keshokutwa."

Komeo likasukumwa. Alisimama mlangoni, mrefu kuliko mimi, unga mpaka kwenye viwiko. Nikatazama miguu yake, kama ninavyotazama ya kila mtu. Na mimi ambaye sikosei, nikaangalia ndala, nikaangalia vidole, na macho yangu hayakuniambia kitu. Sikujua saizi ya mtoto wangu. Nililia pale, na sikujificha.

"Umelowa," akasema. Akanipa leso.

Amekuja. Alisema ni wiki moja tu, na akichoka anarudi kwa nyanya, na Odera asubiri. Njia nzima alisema kama maneno kumi. Sasa hivi amelala kwenye kitanda kile, uso ukutani. Amesema rangi ni mbaya.

Jumanne, 15 Aprili

Laker amemfundisha kupika boo. Wananicheka nyuma ya mgongo wangu, wote wawili. Mvua imepungua.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama Ismay ametuma ujumbe na Doreth: hadithi itasomwa Jumamosi mara ya mwisho, yote, kama ilivyo. Na atakayeisoma kwa Kiswahili ni mimi. Nilimuuliza Doreth kama nimesamehewa. "Hapana," akasema. "Anataka urudishe ulichochukua."

Jumamosi, 19 Aprili

Mkesha wa Pasaka, ukumbi haukujaa. Awino alikaa safu ya tatu kando ya Laker, na ndala zake. Sikumwambia aje. Alisema nyumbani kuna joto.

Mama Ismay akasoma. Kisha nikasoma mimi, na karatasi ilikuwa moja tu mkononi. Nilipofika uwanja wa ndege sauti ilinitoka ndogo lakini ilitoka. Niliisoma ile ya kupima. Nilisoma mpaka kiatu mkononi. Nikaongeza kwa niaba yangu kwamba mara mbili nilizosoma kabla ya hapo niliwadanganya, na sababu ninayo, na haitoshi.

Aloyo alisimama wa kwanza, akanitazama kipolisi, akarudisha, "Sikuwahi kumvalisha." Yule wa dagaa akarudisha ile ya pipa. Ikabaki moja. Hakuna aliyesimama. Nilisikia matone yanadondoka kutoka kwenye mfereji wa paa. Kisha nikaona Laker anageuza kichwa, kwa sababu aliyesimama alikuwa kando yake.

Awino hakumtazama Mama Ismay. Alinitazama mimi.

"Nilitaka uje upime mwenyewe," akasema, akakaa.

Mama Ismay akaniuliza, amesema nini yule msichana? Nikamgeuzia neno kwa neno, mbele ya wote, sikuacha kitu, sikuongeza kitu. Mama Ismay alimwangalia Awino, akaangalia ndala zake, kisha akaniangalia mimi. "Huyo ndiye?" Nikasema ndiye. Akaitikia kwa kichwa, akatoa leso, na hakuna mtu aliyeharakisha kuondoka.

Tulipofika nyumbani nikatandaza karatasi sakafuni. Awino akavua ndala, akasimama juu yake, akinishika bega asiyumbe. Nikapiga magoti nikauzungusha mguu kwa kalamu, taratibu. Kwenye kidole kidogo aliutikisa, akasema inatekenya. Thelathini na tisa. Zilizoko juu ya kabati Ugenya ni thelathini na tano.

"Na huu mwingine?" akauliza.

Nikamwambia mmoja unatosha, sisi wauzaji tunapima mmoja tu.

"Pima na huu."

Nikapima na huo.